Magari ya misuli ya Marekani: mbio za kwenye karatasi na mbio za barabarani

Mwezi wa Machi 1964, gazeti la Marekani Car and Driver liliandika jambo lililowashangaza wapenda magari wengi. Lilichukua Pontiac GTO, gari la familia lenye motere kubwa, likalilinganisha na Ferrari GTO, gari la mashindano la Italia. Pontiac ilipewa muda wa sekunde 4.6 kutoka kusimama hadi kilomita 97 kwa saa. Mita 402 ilizimaliza kwa sekunde 13.1, ikipita mstari wa mwisho kwa kilomita 185 kwa saa. Vijana walisoma, wakaamini, wakaenda kununua.

Ila kulikuwa mambo mawili ambayo msomaji wa siku ile hakuambiwa vizuri. La kwanza, Ferrari haikuwepo siku ya kupima. Ulinganisho ulifanyika kwenye karatasi. La pili lilikuja kujulikana baada ya zaidi ya miaka 30. Jim Wangers, aliyekuwa mtu wa matangazo ya Pontiac, alikiri mwenyewe kwamba gari lile halikuwa na motere ya kawaida ya GTO ya lita 6.4. Lilikuwa limewekwa motere kubwa zaidi ya lita 6.9, ambayo mteja hakuweza kuipata ndani ya GTO dukani.

Hadi leo watu wanabishana ni gari gani la zamani la Marekani lililokuwa na mbio kuliko mengine. Wengi wanataja namba walizosikia. Lakini kila namba ina mwenyewe. Iko aliyepima, iko mahali pa kupimia, na iko sababu ya kuitangaza. Anayetaka kujua mbio za kweli za magari yale aanze na maswali hayo matatu.

Gari lilivyozaliwa

Wamarekani waliyaita magari ya misuli. Kanuni yake ilikuwa rahisi: gari la ukubwa wa kati, bei ambayo kijana mwenye kazi anaweza kufikia, na ndani yake motere iliyotengenezewa gari kubwa. Hata kabla ya 1964 Detroit ilishatengeneza magari yenye nguvu, lakini GTO ndiyo iliyofungua soko.

Hata kuzaliwa kwake kulipitia mlango wa nyuma. Mwezi wa Januari 1963 kampuni mama, General Motors, ilikataza matawi yake yote kujihusisha na mashindano. Ilikuwa pia na sheria kwamba gari la ukubwa wa kati lisizidi motere ya lita 5.4. John DeLorean, injinia mkuu wa Pontiac, na wenzake waliona upenyo. Sheria ilihusu gari, haikuhusu vifaa vya ziada ambavyo mteja anaviomba. Basi GTO haikutolewa kama gari jipya. Ilikuwa orodha ya vifaa vya ziada juu ya Pontiac Tempest LeMans, kwa bei ya karibu dola 295.

Wakubwa wa Pontiac walikubali kujaribu magari 5,000. Mwaka wa kwanza yaliuzwa 32,450. Mwaka ule ule wimbo wa kundi la Ronny & the Daytonas wenye jina la gari hilo ukapigwa sana redioni. Makampuni mengine hayakukaa bure. Chevrolet, Buick, Oldsmobile, Ford, Dodge na Plymouth yote yakaingia kwenye mchezo.

Hapa kuna hesabu inayosahauliwa. Katika GTO zile 32,450, ni 8,245 tu zilizokuwa na kabureta tatu na nguvu ya farasi 348. Zilizobaki 24,205 zilikuwa na kabureta moja na farasi 325. Yaani wateja watatu kati ya wanne hawakununua gari ambalo magazeti yalilisifu. Na hata wale wenye kabureta tatu hawakuwa na motere ya lita 6.9.

Gazeti lingine, namba nyingine

Karibu wakati ule ule gazeti la Motor Trend nalo lilipima GTO ya 1964. Ilikuwa ya kufunguka juu, ambayo ni nzito kidogo. Matokeo yake: sekunde 7.7 hadi kilomita 97 kwa saa, na mita 402 kwa sekunde 15.8, ikipita mwisho kwa kilomita 150 kwa saa.

Gari la jina moja, mwaka mmoja. Gazeti moja linasema 13.1, lingine linasema 15.8. Kwa mtu wa kawaida sekunde mbili na nusu ni kitu kidogo. Kwenye mbio za mita 402, gari linalofika kwa sekunde 13.1 linamaliza wakati lile la 15.8 lina zaidi ya mita 100 mbele yake. Hiyo si tofauti ya madereva wawili. Hayo ni magari mawili tofauti.

Kwa nini mita 402? Ni robo ya maili, kipimo ambacho Wamarekani walikichagua kwa mashindano yao ya barabara iliyonyooka. Magari mawili yanasimama sambamba, taa inawaka, yanaondoka. Mwishoni unapata namba mbili. Ya kwanza ni muda uliotumika. Ya pili ni kasi ambayo gari lilikuwa nayo likipita mstari. Watu wengi wanakumbuka muda tu. Mafundi wazoefu wanaangalia kasi kwanza.

Sababu ni hii. Muda unaharibika mwanzoni kabisa. Dereva akiachia ambreyaje vibaya, pine zinazunguka bure, moshi unatoka, gari halisogei. Amepoteza nusu sekunde au zaidi, na hatairudisha. Lakini kasi ya mwisho haibadiliki sana kwa kosa la mwanzoni. Inategemea zaidi nguvu ya motere na uzito wa gari. Muda unakueleza habari za pine na mguu wa dereva. Kasi ya mwisho inakueleza habari za motere.

Wamarekani wana hesabu inayojulikana ya kukadiria nguvu kutokana na uzito na kasi hiyo. Si sahihi kama mizani ya duka la dhahabu, lakini inatosha. Chukua gari la kilo 1,600 pamoja na dereva, lipite mstari kwa kilomita 185 kwa saa. Hesabu inatoa karibu farasi 420. Kiwanda kilitangaza 348. Sasa chukua gari la Motor Trend, tuseme kilo 1,700, kwa kilomita 150 kwa saa. Hesabu inatoa karibu farasi 235.

Kumbe siri ya gari la Car and Driver ilikuwa imechapishwa tangu siku ya kwanza, ndani ya gazeti lenyewe. Gari la farasi 348 la kiwanda haliwezi kupita mstari kwa kilomita 185 kwa saa. Aliyejua kusoma namba ya pili hakuhitaji kungoja miaka 30 ili Wangers akiri.

Farasi wa kwenye karatasi

Swali lingine linafuata. Hata gari la Motor Trend, ambalo halikuhusika na ujanja wowote unaojulikana, mbona lilionyesha farasi wachache hivyo kuliko waliotangazwa?

Jibu liko kwenye namna ya kupima. Hadi mwaka 1971 viwanda vya Marekani vilipima motere ikiwa peke yake juu ya meza ya majaribio. Haikuwa na kichujio cha hewa, wala mabomba ya moshi ya gari, wala dinamo ya kuchaji betri. Mafundi waliirekebisha hadi itoe nguvu yote. Namba iliyopatikana ndiyo iliyotangazwa. Lakini mteja haendeshi motere iliyoko juu ya meza. Anaendesha motere iliyofungwa ndani ya gari, ikipumua kupitia kichujio na kutoa moshi kupitia mabomba membamba.

Kuanzia 1972 viwanda vilihamia kipimo kipya, motere ikiwa na vifaa vyake vyote. Mfano mmoja unaonyesha tofauti. Motere maarufu ya Chrysler iliyoitwa Hemi, ya lita 7, ilitangazwa tangu 1966 kuwa na farasi 425. Mwaka 1971, ilipotolewa pia kwa kipimo kipya, ilikuwa 350. Motere ile ile, chuma kile kile. Farasi 75 walikuwa wa karatasi.

Mambo hayaishii hapo, kwa sababu viwanda vingine vilidanganya kwa upande wa pili. Vilitangaza nguvu ndogo kuliko ile iliyopo. Sababu zilikuwa mbili. Asiransi ilikuwa inapanda bei kwa magari yenye farasi wengi. Na katika mashindano, magari yalipangwa kwenye makundi kwa kugawanya uzito na nguvu iliyotangazwa. Gari lenye nguvu ndogo kwenye karatasi liliwekwa pamoja na wanyonge, likawashinda.

Ford ilifanya hivyo mwaka 1968 kwa motere yake ya Cobra Jet ya lita 7. Karatasi ilisema farasi 335. Kwenye mashindano ya Pomona, California, mwanzoni mwa mwaka ule, Mustang zenye motere hiyo zilitawala kundi lao. Gazeti la Hot Rod lilipima moja, likapata sekunde 13.56 na kasi ya karibu kilomita 172 kwa saa. Hiyo si kazi ya farasi 335 wa karatasi.

Mwaka 1970, mwaka wa kilele

Wengi wanakubaliana kwamba mwaka 1970 ndio uliokuwa na magari yenye nguvu kuliko yote. Hapo ndipo ulinganisho unapopendeza.

Chevrolet ilitoa Chevelle SS yenye motere ya LS6, lita 7.4, farasi 450 kwa kutangazwa. Ilikuwa kati ya namba kubwa kuliko zote za enzi ile. Gazeti la Hot Rod lilipata sekunde 13.44 na kilomita 174 kwa saa. Buick, kampuni iliyojulikana kwa magari ya madaktari na wazee wenye heshima, ilitoa GS 455 Stage 1, lita 7.5. Ilitangazwa farasi 360 tu. Motor Trend ilipata sekunde 13.38 na kilomita 170 kwa saa.

Msomaji aangalie vizuri. Kwenye karatasi, Chevrolet inamzidi Buick kwa farasi 90. Barabarani, tofauti ya muda ni sehemu ndogo ya sekunde, tena Buick ndiyo iliyotangulia kwa muda. Ukifanya ile hesabu ya uzito na kasi, kwa magari ya karibu kilo 1,800, Chevelle inatoa karibu farasi 390 na Buick karibu 365. Mmoja alijisifu, mwingine alijificha.

Plymouth nayo ilikuwa na Hemi 'Cuda. Gazeti la Car Craft liliipima kwa sekunde 13.1. Motor Trend ikapata sekunde 14 kamili. Tena gari moja, majibu mawili. Safari hii hakuna haja ya kutafuta mwizi. Diferensiali ya nyuma inaweza kuwa tofauti, hali ya hewa tofauti, barabara moja ina utelezi, nyingine inashika. Hata saa za viwanja vya mashindano zina tabia yake: hazianzi kuhesabu mpaka pine ya mbele itoke kwenye mwanga, na gari linakuwa limeshaanza kusogea. Hapo peke yake zinaweza kupatikana sehemu mbili au tatu za kumi za sekunde.

Na nani aliyekuwa na Hemi 'Cuda? Mwaka 1970 zilitengenezwa 652 za paa la chuma na 14 za kufunguka. Nchi nzima. Waliobaki walinunua gari la umbo lile lile lenye motere ndogo zaidi, na jioni walisimulia habari za Hemi.

Kasi ya mwisho na shida ya kusimama

Wengine wanauliza: mbali na mita 402, gari lilifika kilomita ngapi kwa saa? Hapa pia hadithi imepita ukweli. Gari lililotengenezwa kuondoka kwa nguvu lilikuwa na meno mafupi ya diferensiali. Kwa meno ya 4.10, na pine za kawaida za siku zile, motere ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, gari liko kwenye kilomita 180 hivi kwa saa. Hapo motere imefika mwisho wake, haina pa kwenda. Aliyetaka kasi kubwa zaidi alihitaji meno marefu, na hapo alipoteza uwezo wa kuondoka. Huwezi kupata vyote viwili.

Tena umbo la magari yale lilikuwa kama ukuta mbele ya upepo. Ndiyo sababu Dodge ilitengeneza Charger Daytona ya 1969, yenye pua iliyochongoka na bawa refu nyuma. Tarehe 24 Machi 1970, kwenye uwanja wa Talladega, Buddy Baker aliendesha moja iliyotengenezwa kwa mashindano hadi maili 200.447 kwa saa, yaani karibu kilomita 323. Lakini ile haikuwa gari la kwenda sokoni.

Lililo zito zaidi ni kusimama. GTO ya 1964 ilikuwa na freni za ngoma kwenye magurudumu yote manne. Freni za namna hii zikishapata moto zinalegea. Pine zilikuwa nyembamba na za muundo wa zamani, zisizoshika barabara kama za leo. Usukani ulikuwa mwepesi, bila kumpa dereva habari za barabara. Gari lilijua kukimbia kuliko lilivyojua kusimama au kukata kona, na waliokaa nyuma ya usukani mara nyingi walikuwa vijana wa miaka 20 na kitu.

Kwenye barabara ya Woodward, inayotoka katikati ya Detroit kwenda vitongoji vya kaskazini, vijana walishindana usiku kutoka taa hadi taa. Hata mainjinia wa viwanda walifika pale na magari yao kujaribu. Nchi nzima, mwaka 1972, watu zaidi ya 54,000 walikufa katika ajali za barabarani. Wengi wao hawakuwa ndani ya magari ya misuli. Lakini makampuni ya asiransi yalisoma namba zake pia, na kwa kijana mwenye gari la nguvu, bei ya asiransi ikawa mzigo kama wa gari lenyewe.

Asiransi ilikuwa ngumi ya kwanza. Ya pili ilikuwa sheria ya hewa safi ya 1970. Kwa mwaka wa 1971 General Motors ilipunguza mgandamizo wa motere zake ili zitumie esansi ya kawaida, na nguvu ikashuka. Ya tatu ilikuja Oktoba 1973, nchi za Kiarabu zilipofunga mafuta. Januari 1974 serikali ya Marekani ikaweka kikomo cha maili 55 kwa saa, karibu kilomita 89. Mchezo ukawa umekwisha.

Namba za leo

Tangu miaka ya 1990, jimboni Michigan kumekuwa na mashindano ya kila mwaka ya magari yale yakiwa katika hali ya kiwanda, na pine za umbo la zamani. Yakitunzwa na fundi hodari na kuendeshwa na mtu anayelijua gari lake, mengi yanakimbia ndani ya sekunde 13, na mengine yameingia 12. Yaani uwezo ulikuwepo. Lakini ni uwezo wa gari lililoandaliwa kwa wiki nyingi. Gari lililotoka dukani, likaendeshwa na mwenyewe Jumamosi jioni, lilikuwa mara nyingi la sekunde 14 au 15.

Kwa kulinganisha, Toyota Camry ya 2018 yenye motere ya V6 na farasi 301, ambao ni farasi wa kipimo kipya, inafika kilomita 97 kwa saa kwa sekunde 5.8. Mita 402 inazimaliza kwa sekunde 14 na kidogo. Ni gari la kupeleka watoto shuleni. Lingekutana na GTO ya Motor Trend pale Woodward, mwenye GTO angeona taa zake za nyuma.

Hilo halimwondolei heshima mzee yule wa Detroit. Mwaka 1964, mfanyakazi wa kiwanda kununua gari la sekunde 15 kwa mshahara wake lilikuwa jambo jipya kabisa. Sifa hiyo ilitosha. Haikuhitaji motere ya kuficha, wala Ferrari ambayo haikuja.

Kazi ya msomaji imebaki ile ile, awe anasoma historia au tangazo la gari la mitumba. Akiambiwa farasi, aulize walipimwa vipi. Akiambiwa sekunde, aulize ni gari gani hasa, nani alilileta, na mwisho wa barabara lilikuwa na kasi gani. Gari la Machi 1964 lilijibu swali hilo la mwisho siku ile ile. Wachache tu ndio waliuliza.